Nusu ya Polikarpo

Msumeno ulikuwa umefika katikati ya mche wa mwamba Twalib alipoingia ghalani kusema kuna mgeni.

Ghala lilikuwa Vingunguti, si mbali na machinjio, na kazi ya Tunu humo ilikuwa kupasua mawe. Kampuni ilikuwa inachoronga ardhi huko bara, ikitafuta urani kwenye mwamba mweusi wa matabaka. Kilichotoka shimoni kililetwa mjini ndani ya visanduku, kikiwa miche mirefu ya mviringo kama ya sabuni ya kufulia. Tunu aliupasua kila mche kwa urefu. Nusu moja ilisafirishwa ng'ambo, ikasagwe na kupimwa maabara. Nusu ya pili ilikaa rafuni iwe kumbukumbu.

"Mgeni mwenyewe nusu," alisema Twalib, aliyebeba visanduku. "Mlinzi kamrudisha machinjioni mara mbili, akidhani kapotea njia. Kumbe wako, dada Tunu."

Alikuwa mzee, nusu ya kulia, amepasuliwa toka utosini hadi chini kwa mkato ulionyooka. Tunu aliutambua mkato huo: ulikuwa wa msumeno wake. Alizima mashine, akajifuta mikono, akamwamkia shikamoo. Marahaba ilitoka upande mmoja wa kinywa, lakini ilisikika vizuri. Mzee aliruka kwa mguu wake hadi kwenye benchi, akaegemea ukuta, akasema anaitwa Polikarpo.

Alieleza bila haraka. Alikufa, akazikwa kwenye migomba yake, ubavuni mwa mkewe Kokuberwa. Kwao kaburi halijengewi saruji. Hupandwa mmea kichwani, basi. Watu wa kampuni walipita wakaona migomba, wakaandika kwamba shambani hakuna makaburi, maana msomi anajua kaburi ni lile lenye vigae. Mwanawe Audax aliwaonyesha kwa kidole. Wao wakamwonyesha ramani, na kwenye ramani hapakuwa na kitu. Mtambo wa kuchoronga ukasimikwa juu ya kifua chake. Tangu hapo hakupata kulala. Nusu mtu halali chali; anabingirika, na kila akibingirika anamwangukia mkewe.

"Nimefuata nusu yangu ya kushoto," alisema. "Nikalale. Sina lingine."

Twalib alimletea chai, akamwuliza kama anataka nusu kikombe au kizima. Mzee akasema kizima, kiu haikupasuliwa.

Tunu alizaliwa na kulelewa Temeke, kwenye nyumba ambamo hata ukucha wa maiti ukikatika unawekwa ndani ya sanda azikwe nao. Alikumbuka mfuko uliobeba nusu ile ya kushoto kwenda ng'ambo. Aliufunga mwenyewe. Akapanda ngazi kumwita meneja.

Meneja Allen alishuka na ubaridi wa ofisi yake. Hakumwamkia mzee. Alimwuliza kama aliomba miadi, kisha akaagiza avishwe kofia ngumu, kwa usalama wake. Kofia ilimteleza upande usiokuwepo, Twalib akaishikilia.

"Matokeo yameshatoka, mzee," alisema Allen. "Kiwango cha chini. Kuchimba hakulipi."

"Na nusu yangu?"

"Ilisagwa. Ndiyo utaratibu."

Polikarpo alifikiri kwa upande wa kichwa aliokuwa nao.

"Mlinisaga mjue kama nina thamani," alisema. "Mkaona sina."

"Si wewe, mzee. Ni mwamba."

Allen alimfafanulia kwa upole unaotumiwa kwa watoto na wanakijiji. Nusu iliyobaki nayo ni mali ya kampuni, na mali haiondoki ghalani kwa mguu wake. Ili aonekane anajali, alimchagulia rafu isiyovujiwa na mvua. Tunu alimfunga mzee lebo kwenye mkono wa koti, wakambeba na Twalib, wakamlaza jinsi mawe yanavyolazwa, uso wa mkato ukiwa juu, vipande vya mbao kila upande asibingirike.

"Hapa afadhali," alisema Polikarpo.

Allen alikuwa bado kwenye ngazi, akiongea na simu. Alikuwa anamhakikishia mtu kwamba kiwango cha chini si habari mbaya, ni habari tu, na kwamba kampuni imechoronga shimo la pili hatua chache toka la kwanza, pengine mwamba utabadili mawazo. Visanduku vya shimo hilo vimefika asubuhi. Kazi imeanza.

Tunu alirudi kwenye mashine. Alipotaka kuiwasha, jicho la Polikarpo liligeuka kule juu rafuni, likautazama mche uliobanwa chini ya msumeno.

"Huyo ni Kokuberwa," alisema. "Umefika wapi?"

Tunu aliangalia.

"Kiunoni."

"Hapendi kelele," alisema mzee.

Tunu alipanda ngazi tena. Alimwuliza Allen kama mche huu mmoja unaweza kuachwa mzima. Allen alifungua ramani, akaipitia kwa makini, akasema ramani haina kaburi, kwa hiyo huyo si mke wa mtu. Mfuko unatakiwa uwanja wa ndege wiki hii. Alimshukuru kwa kuuliza.

Muda wa kutoka ulikuwa umefika. Twalib alivaa viatu vyake vya nyumbani, akamwuliza Tunu kama kweli atapasua.

"Ningekataa, angeletwa mwingine," alisema Tunu. "Na huyo mwingine sijui mkono wake."

Twalib alisema hivyo ndivyo wanavyosema wote.

Tunu alilowesha gunia akaufunika mche, maana mwamba huo ukikauka unapasuka wenyewe. Kisha wakamshusha Polikarpo na mbao zake, wakamlaza kwenye benchi lililo kando ya mashine. Aliutoa mkono wake mmoja, akauweka juu ya gunia.

Msumeno haukuondolewa. Ukiutoa kabla mkato haujaisha, mkato unapinda. Uliachwa ulipokuwa, kiunoni mwa Kokuberwa, na kesho Tunu angeanzia hapo.