Benchi la Kushoto

Kila Jumamosi saa nane mchana Abigaël aliweka mbabula yake ya kukaangia mandazi ubavuni mwa ukumbi wa video wa Guelord, mtaani Mudzipela, akawasha makaa, akakanda unga mara ya pili, kisha akachomoa kipande cha ubao ambacho msumari wake ulikuwa umelegea. Kupitia tundu hilo aliona theluthi moja ya skrini, upande wa kushoto. Spika zilielekea ndani, kwa hiyo maneno ya filamu yalimfikia kama mngurumo wa lori lililo mbali. Hakuona hasara. Shule aliiacha mwaka wa tatu wa msingi, na tangu hapo alizoea kusoma vitu visivyo na herufi: nyuso, mikono, namna mtu anavyogeuza shingo kabla ya kusema uongo.

Ukumbi ulionyesha katuni za Kijapani tu, na pembeni palikuwa na televisheni ndogo kwa vijana wa manette, wacheza michezo ya video. CD zilitoka Ariwara, soko la mpakani, katikati ya katoni za sabuni. Mtafsiri alikuwa Floribert. Hakujua Kijapani, ila alijua kutafsiri. Majina aliyatoa kwenye vyombo vya moto: shujaa aliitwa Suzuki, rafiki yake Honda, na mwalimu wao wa upanga Muzee Land Cruiser. Vyombo vilipomwishia, dada mkubwa wa Suzuki akabaki kuitwa Yaya tu, kama dada mkubwa yeyote wa Bunia.

Katuni ikiisha, palikuwa na hukumu. Wapenzi wa katuni wa mitaa mingine walibishana njiani na kuachana. Wa Mudzipela waliketi kama wazee kwenye baraza. Mtu wa katuni alishtakiwa, akatetewa, kisha Guelord akauliza mara moja tu, "Kuko mutu aliona kingine?" Aliyeona kingine alisema. Halafu wote waliinuka: waliomkubali walikaa mabenchi ya kushoto, waliomkataa mabenchi ya kulia. Upande wa kulia ukishinda, aliyehukumiwa alitoka katika hadithi, akapita pazia la mlango, akaenda zake mjini.

Kwa njia hiyo Bunia ilikuwa imepata wakaaji wachache wapya. Mpiga upanga mwenye nywele za buluu, aliyefukuzwa kwa kukimbia vita katika epizodi ya arobaini, sasa alipanga foleni ya madumu kwenye bomba la maji, na akina mama walimsifu kwa kutopendelea mtu. Dubu wa mawe, adui wa mwisho katika mchezo mmoja, vijana wa manette walimfukuza kwa sababu toleo jipya lilikuwa limemlainisha.

"Mu version ya kwanza alikuwa anakuua mara makumi mbili," Dady alieleza siku ile. Dady ndiye aliyecheza kuliko wote. "Unalala na hasira, unaamuka na hasira. Huyu wa sasa anakufa kama kuku ya sikukuu. Image iko muzuri, roho hakuna."

Dubu akawa mbeba saruji kwenye depo. Paka mmoja aliyejua kusema alipanda lori la Nyankunde na hakurudi. Chef de quartier, mkuu wa mtaa, aliwaandika wote katika daftari la wageni. Walikuwa bapa. Ukiwatazama kwa mbele walikuwa watu kamili, kwa ubavuni walikuwa mstari, na siku za upepo waliweka jiwe juu ya upindo wa nguo.

Msimu huo walionyesha saison ya pili, yaani sehemu ya pili ya hadithi ya Suzuki, katika kijiji cha theluji kilichozingirwa na adui. Abigaël aliifuata kwa tundu lake wiki kumi na moja. Wiki ya kumi na mbili, katika theluthi yake ya skrini, alimwona Yaya akipiga magoti nyuma ya ua, akipitisha watoto katika tundu la mbwa. Aliwagusa vichwa mmoja mmoja. Walikuwa saba. Wa mwisho alipopita, Yaya alipangusa theluji magotini, akaenda kwenye lango kubwa upande wa pili, akalifungua kwa mikono yake, ili adui wote wakimbilie huko.

Tukio lote halikuwa na neno hata moja. Na hapo ndipo palipoharibika, kwa sababu Floribert aliona kimya ni aibu ya mtafsiri. Filamu ikinyamaza, yeye alisalimu watu.

"Salamu kwa Plamedi na kundi yake yote ya mutaa Saio," alisema kwenye maikrofoni. "Papa Gustave, karibu, kuko nafasi hapa mbele. Batu, mupishe muzee."

Watu wote waligeuka kumpisha Papa Gustave, mwalimu mstaafu ambaye hakukosa epizodi. Waliporudisha macho, lango lilikuwa wazi na nyumba zinaungua.

"Mumeona?" alisema Floribert. "Yaya ameuza kijiji."

Nje, mandazi manne yaliungua katika mafuta ya Abigaël.

Jenereta ilizimika kabla ya hukumu, na Guelord akaiahirisha hadi Jumamosi iliyofuata. Kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kumfungia mshtakiwa, alimpa liberté provisoire, uhuru wa muda hadi hukumu. Yaya akapita pazia, akasimama kidogo kwenye jua, kisha akaketi juu ya dumu lililopinduliwa kando ya mbabula.

"Jambo, Yaya," alisema Abigaël.

Yaya alifungua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Floribert, nene, na maikrofoni yake ndani yake. "Mimi ni nyoka ya nyumba!" ilisema. "Nimekula chumvi yao, nimewauza!"

Yaya alijiziba mdomo kwa mkono. Wiki nzima hakuufungua tena.

Alikuwa msaidizi mzuri. Unga haukumganda mikononi na mafuta hayakumwunguza. Wateja walimtazama, wakatoa maoni yao, wakachukua mandazi. Arlette, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, alimchunguza kwa mbele, akazunguka, akamchunguza kwa ubavuni.

"Macho ni ya saison ya pili," alisema. "Walibadilisha muchoraji. Ya kwanza yalikuwa makubwa, ulikuwa unaona mupaka ndani. Mutu wa macho madogo anaficha kitu."

"Iko anasikia, mama Arlette," alisema Abigaël kwa sauti ndogo.

"Asikie. Si nasema ya muchoraji?"

Jumatano, wateja walipopungua, Yaya alifinyanga vidonge saba vya unga. Akavipanga kwenye sinia. Akavisukuma kimoja kimoja chini ya ukingo wa kitambaa, akikigusa kila kimoja juu, kisha akamtazama Abigaël.

"Niliona," alisema Abigaël. "Nilikuwa kwa tundu. Batoto saba."

Yaya alielekeza kidole kwenye ukumbi.

"Jumamosi nitasema."

Alipokwisha kuyasema hayo alihisi baridi, ingawa makaa yalikuwa yamekolea, maana aliwahi kudaiwa neno kama hilo na hakulitoa.

Ilikuwa miaka saba nyuma, kwenye kilima chao huko Djugu. Abigaël alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alfajiri wenye silaha walipopanda, dada yake mkubwa, Angélique, aliwasukuma watoto kwenye mtama nyuma ya jiko, kisha akatoka peke yake hadi barabarani, akasimama mbele ya wale watu, akawasemesha. Akawaonyesha kwa mkono njia ya kisimani, ambako hakukuwa na mtu. Abigaël aliyaona yote kati ya mabua. Majirani, waliokuwa wakikimbia upande wa juu, waliona mkono tu.

Walipofika Bunia, katika site, kambi ya waliokimbia vita, wazee waliketi chini ya hema. Mama Charlotte, jirani yao tangu kilimani, alisema kwamba Angélique ndiye aliyewaonyesha wenye silaha njia. Mzee mmoja akauliza kama kuna aliyeona kingine. Angélique alimtazama mdogo wake. Abigaël alitazama vidole vya miguu yake. Alikuwa mtoto wa haya, watu walikuwa wengi, na alidhani mtu mkubwa angesema. Kesho yake Angélique alifunga kitenge chake na kuondoka. Mara ya mwisho ilisikika anapikia wachimba dhahabu. Mama yao hakulitaja jina lake tena.

Jumamosi Abigaël aliacha mbabula na kuingia ukumbini kwa mara ya kwanza, mikono ikiwa na unga. Alisimama karibu na pazia. Yaya alikuwa mbele ya skrini, ameshika upindo wa vazi lake kwa sababu mlango ulikuwa unaleta upepo.

Plamedi alishtaki. Alikuwa na sauti, na alipenda kutembea akisema. "Mutu anafungua mulango ya kijiji, adui anaingia, nyumba zinaungua. Munataka preuve gani, ushahidi gani ingine? Na sauti yake mwenyewe inakubali. Muulizeni Arlette, alisikia kwa ng'ambo ya barabara."

"Mimi ninasema fin, mwisho yake, waliikimbiza," alisema Dady. "Epizodi kumi na mbili ni kidogo. Wangefanya makumi mbili na ine, tungejua sababu."

"Sababu! Musaliti haiko na sababu, iko na tabia," alisema Plamedi.

"Mu saison ya kwanza alikuwa mutoto wa heshima," alisema Papa Gustave kwa masikitiko. "Alikuwa anasalimia."

"Njo vile banaanzaka, papa. Na salamu."

Watu walicheka. Walibishana tena juu ya theluji, ambayo wengine walisema imechorwa vizuri kuliko watu, na juu ya wimbo wa mwanzo, ambao wote walikubaliana kwamba ni mzuri. Kisha Guelord akapiga meza.

"Kuko mutu aliona kingine?"

Abigaël alikuwa ameyapanga maneno tangu Jumatano kama anavyopanga mandazi kwenye sinia, safu kwa safu: kwanza ua, halafu tundu la mbwa, halafu vichwa saba, halafu lango. Alipiga moyo konde. Alisogea hatua moja. Vichwa arobaini viligeuka.

"Ah, mama ya mandazi," alisema Plamedi, bila ubaya. "Mandazi iko wapi?"

Abigaël alifungua kinywa.

"Iko moto," alisema.

"Basi leta."

Alitoka akaleta. Aliporudi na sinia, watu wote walikuwa wamekwisha kukaa upande wa kulia, wamebanana, hata Dady.

"Mimi ninamupenda Yaya," Dady alikuwa akimweleza Papa Gustave, "lakini benchi ile iko na musumari."

Benchi la kushoto lilikuwa tupu, kwa hiyo Guelord akamwelekeza Abigaël aweke sinia hapo. Akaiweka. Yaya alimtazama. Mdomo wake ulikuwa mstari mmoja mfupi, na haikuwezekana kujua mstari ulisema nini. Kisha akapita pazia.

Watu walipokwisha kutawanyika, Floribert alikuja kununua mandazi, akachagua yaliyoiva sana. Yaya alikuwa kwenye dumu lake, ameweka jiwe juu ya upindo.

"Mu ile silence, ile kimya," Floribert alimwuliza Abigaël, "kabla ya mulango kufunguka. Kulikuwa nini? Mimi nilikuwa naangalia Papa Gustave."

"Kulikuwa batoto saba," alisema Abigaël. "Alibapitisha kwa tundu ya imbwa. Njo akaenda kufungua kule, adui basibaone."

Lilikuwa jambo rahisi kusema. Lilichukua muda wa kufunga mandazi katika karatasi.

Floribert alitafuna. "Ingekuwa muzuri," alisema. "Ningeifanya na sauti ya kulia. Lakini hukumu imeshapita, na CD imerudi Ariwara." Akamtakia Yaya jioni njema, akaenda.

Chef de quartier alimwandika Yaya katika daftari, na kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, Abigaël alimchukua nyumbani, kwenye site. Mama yake alisogeza mkeka.

Mvua za Oktoba zilipoanza, ikaonekana kwamba Yaya hakuchorwa kwa mvua ya Ituri. Kila dhoruba ilimwondolea rangi kidogo, kisha mistari. Abigaël alichukua makaa yaliyopoa ya mbabula akawa anamrudishia: ukingo wa bega, vidole, nywele. Macho yalikuwa kazi ngumu. Ya saison ya kwanza hakuyakumbuka vizuri, na ya pili hakuyapenda. Kwa hiyo aliyachora yale aliyoyajua. Baada ya mvua ya pili alirudia pua, baada ya mvua ya tatu paji la uso. Hakukusudia kitu. Mkono ulikwenda ulikozoea.

Ilipofika Novemba, mama yake, akigawa fufu, aliinua macho, akamtazama yule mgeni kwa muda, kisha akaongeza sahani. Akamsogezea mboga upande wenye majani mengi, kama alivyokuwa akimfanyia mwanawe mkubwa zamani.

Asubuhi iliyofuata Yaya alitoka na ndoo. Kutoka mbele alikuwa Angélique mzima, na namna yake ya kusimama. Mama Charlotte alikuwa mlangoni pa hema lake akipepeta mchele. Alimwona, akaweka ungo chini, akawavuta wajukuu wake ndani mmoja mmoja, akiwagusa vichwa.

"Ule wa kuonyesha njia amerudi," aliwaambia majirani, kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba maji yametoka.

Majirani walitazama, wakakubali kwamba ni yeye, wakafunga milango yao. Yaya alisimama na ndoo. Alifungua kinywa, akakumbuka sauti ya Floribert, akakiziba. Halafu akamgeukia Abigaël, kama Angélique alivyomgeukia chini ya hema miaka saba nyuma.

Maneno yalikuwepo. Alikuwa amekwisha kumwambia Floribert, na yalikuwa mepesi. Mtama, jiko, barabara, mkono, kisima.

"Na weye Abigaël," alisema Mama Charlotte, "unaangalia nini?"

"Mafuta," alisema Abigaël. "Imeshapata moto."

Akarudi kwenye mbabula, akatafuta jiwe, akaliweka juu ya upindo wa nguo ya dada yake, kwa sababu upepo ulikuwa umeanza.