Kadi ya Mkubwa

Hezron wa Iyula hakuwa mjinga, na anayesema alikuwa mjinga aje anieleze mimi. Alikuwa mbishi tu. Alikuwa mzaliwa wa kwanza, na kwao mzaliwa wa kwanza anawekewa firigisi hata akichelewa kurudi. Siku aliyokwenda Tunduma na mdogo wake Yonathani kununua memori kadi, ubishi huo aliingia nao dukani.

Kadi ilikuwa ya GPS, kile kimashine cha mkononi kinachokuonyesha umesimama wapi duniani. Alikipata kwa Mzungu mmoja aliyekuja kukitazama kimondo cha Mbozi. Hezron alimbebea mizigo, akauona mchezo wake: mtu mzima anaficha kikopo porini, anatangaza namba za mahali, halafu watu wazima wengine wanakuja na mashine kukitafuta. Ukikifungua, ndani mna kifungo na kalamu. Hezron alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Mzungu alipoondoka alimwachia mashine moja iliyochoka, akamwonya kwamba kumbukumbu yake ya ndani imekufa, kila alama itakaa kwenye kadi. Hapo Hezron akaacha kucheka, maana yeye na Yonathani nao walikuwa na cha kuficha. Walikuwa wanatafuta dhahabu kwenye mapori ya nyuma ya Mkwajuni.

Huko, mtu akiona mwamba wenye dalili nzuri hafyeki njia, hachanji mti, hata tawi halivunji. Ukiacha alama, kesho unakuta kundi la watu ndani ya duara lako, lile shimo la dhahabu, na wewe uliyelichimba unaambiwa usubiri zamu. Waliotangulia walikariri vilima na vijito. Hezron, tangu apate mashine, aliona kukariri ni ushamba.

Abdulrahim, muuza simu wa karibu na mpaka, aliweka kadi mbili juu ya kioo cha meza.

"Hii ndogo ni ya kweli," alisema. "Imeandikwa giga mbili, na ni mbili. Hii nyingine imeandikwa thelathini na mbili, lakini mimi siiapii. Zinaletwa kwa mifuko, bei chee, watu wanaziwekea nyimbo. Nyimbo zikipotea unarudi nakuwekea nyingine. Kitu cha maana usikiweke humo."

Yonathani alikuwa anataka kadi ya simu yake. "Basi, kaka, ndogo weka kwenye mashine. Mimi nipe hiyo kubwa. Ikifa, nimepoteza kwaya tu."

Loo, hapo ndipo alipoharibu. Hezron aliona anazungukwa: mdogo mtu anataka kikubwa, na mwenye duka anataka kumtwisha kidogo cha bei kali. Aliichukua ile kubwa, akaitia kwenye mashine mwenyewe.

"Kazi kubwa inataka kadi kubwa. Ndogo inatosha kwenye kisimu chako."

"Haya. Firigisi ya mkubwa, kiti cha mkubwa, sasa na memori ya mkubwa," Yonathani akasema, wakacheka wote. Abdulrahim alimjazia nyimbo za kwaya kwenye ile ndogo. Alipomrudishia Hezron chenji alimwambia kwa upole kwamba rahisi ni ghali, lakini Hezron alishageukia mlango.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa mkuu ndiye asiyesikia, na guu lililovunjika likawa la mdogo.

Ilitokea mwezi huohuo. Walikuwa wawili tu porini, kwenye mwamba ambao hata wake zao hawakuambiwa, ukuta wa duara ukamwagika ukambana Yonathani paja. Hezron alimfukua, akamvuta nje, akamlaza kivulini. Mfupa ulikuwa umekatika, na kumbeba peke yake haikuwezekana, kila akijaribu Yonathani alizimia. Alimwachia maji yote na simu, ingawa mtandao haukuwepo. Akabonyeza mashine kuweka alama. Mashine ikakubali.

"Nakwenda kuleta watu. Usitoke hapa."

"Nitoke niende wapi, kaka?" Yonathani akasema.

Hezron hakuwa amefika mbali alipoinua panga achanje mti wa kwanza. Alilishusha. Dhahabu ilikuwa ya kwao wawili, Yonathani angepona wairudie, na mashine ilikuwa mfukoni. Akaenda hivyo hadi Mkwajuni bila kuvunja hata kijiti.

Alirudi na wachimbaji na pikipiki, wakafika njia inapokwisha. Akawasha mashine. Hapakuwa na alama. Alizima, akawasha. Alitoa kadi, akaipuliza, akaifuta kwa shati, akairudisha. Ilikuwa tupu, na alama zote za nyuma zilikuwa zimekwenda.

"Umechanja miti gani?" mmoja akamuuliza.

"Sikuchanja."

Hakuna aliyemtukana. Walijua kwa nini hakuchanja, na wao wangefanya vilevile.

Pori lile ni miombo mitupu, mti huu na ule huwezi kuitofautisha. Hezron aliwaongoza kwenye kijito, akasema sicho, akawapeleka kwenye kingine. Wakiita, wananyamaza wasikilize. Upepo unavuma kwenye majani, wanasonga mbele. Kulikucha na kukachwa, maji aliyoachiwa Yonathani kila mtu alijua yamekwisha, na bado waliita. Mwishowe walionyeshwa na tai. Yonathani alikuwa amelala palepale alipoachwa, juu kidogo ya kile kijito cha kwanza, ng'ambo ya pale waliposimama kuita. Mkononi alishika simu iliyozimika.

Wakamzika Iyula. Watu walipopungua, Tusekile, mjane wake, aliichaji ile simu. Alisema anataka kuzisikia zile nyimbo alizozipenda mume wake, na Hezron alikuwa amekaa hapohapo sebuleni na wafiwa. Kwaya ikaimba wimbo mmoja, ukaisha. Kilichofuata hakikuwa wimbo. Ilikuwa sauti ya Yonathani, imekauka.

"Tuse. Kaka amerudi. Nawasikia wanaita, wako hapo ng'ambo ya kijito. Nimeitikia, sauti haitoki. Nimewawekea kwaya, simu imelia mpaka mwisho, hawasikii. Narekodi hii usije ukadhani aliniacha. Usimlaumu. Sikiliza."

Wakasikia upepo. Kisha, kwa mbali, mtu akaita, "Yonathani!" Akanyamaza. Akaita tena.

Tusekile alimtazama Hezron. "Shemeji, hii si sauti yako?"

"Ni yangu."

Kadi ndogo ilikuwa imehifadhi kila kitu. Sauti ya Hezron iliita mara nyingine, sasa kutoka mbali zaidi, kisha nyingine ambayo ilibidi uinamie simu ndipo uisikie. Hezron alinyoosha mkono aizime. Tusekile aliisogeza simu upande wake, wakaisikiliza mpaka mwisho.