Pini Nne za Hakimu

Kiharusi kilinipiga upande wa kushoto nikiwa nimeketi kwenye cherehani yangu, kikaniacha na ulimi mzima. Hilo liliwasikitisha watu wengi. Mguu ulirudi baada ya mwezi. Mkono nao ulirudi, lakini nusu nusu: unafumba, unafumbua, unainua kikombe, ila hauhisi chochote. Niliweza kushika kitambaa nisijue kama ni hariri au gunia.

Kwa mtu mwingine, mkono wa kushoto ni wa kubebea kikapu. Mimi ni fundi wa nguo, mwaka wa thelathini na moja huu. Mkono wangu wa kulia una sugu za mkasi, mbele ya kitambaa hauna maana. Wa kushoto ndio wa kuulizia. Ndio unaoniambia kitambaa hiki kikifuliwa kitasinyaa, mshono huu umevuta. Na nguo ikiisha, kabla ya pasi, naigeuza nje ndani na kupitisha kiganja cha kushoto taratibu, kutafuta pini zilizosahaulika. Bila mkono huo mimi si fundi, ni mwanamke mwenye cherehani tu, na wa namna hiyo wamejaa kila mtaa.

Hospitali wakanipeleka kwa binti mmoja wa mazoezi ya viungo, miwani mikubwa kuliko uso. Nikampachika jina la Mama Mchele, kwa sababu nilipomwomba dawa alinipa mchele. Beseni zima!

"Mama, watu wako wafukie vitu humu," akasema. "Kifungo, ufunguo, kizibo cha soda. Ufungwe macho, upapase, useme umeshika nini. Kisha ufungue macho ukitazame, ukishike tena. Ukikosa usijali. Ubongo unajifunza pale pale unapokosa."

"Kwani hapa ni chekechea?" nikamuuliza.

"Dakika kumi, mara tatu kwa siku," akajibu, wala hakuinua macho kwenye karatasi zake.

Nilimdharau sana. Eti mtu anasoma miaka minne ili aje kufukia vifungo kwenye mchele! Lakini mkono wangu niliutaka, basi nikaenda nyumbani na maagizo yangu.

Nyumbani tulikuwa wanne. Mume wangu, mtaa mzima unamwita Bwana Sawa, maana tangu azaliwe hajawahi kumkatalia mtu. Seremala alimletea mlango uliopinda, akamwambia, "Sawa, sawa," na mpaka leo tunaufunga kwa teke. Binti yetu, ambaye hulia hata kwenye tangazo la sabuni. Na wifi yangu, dada mkubwa wa Bwana Sawa, aliyehamia kwetu nilipougua, eti kunisaidia. Msaada wake ulikuwa kuonja mboga na kutangaza kwamba chumvi imezidi. Tangu niolewe, mimi naye hatupikiki chungu kimoja.

Wiki ya kwanza nilikosa vyote. Binti akalia. Wiki ya pili nikashika kitu, nikabahatisha: "Kifungo."

"Umepata, Mama!"

Bwana Sawa akapiga makofi. Kitu kikaondolewa mkononi upesi kabla sijafungua macho. Nikashika kingine. "Ufunguo." Umepata! Kingine. Umepata! Wacha we! Kichwa kikanivimba. Ukweli ni kwamba sikuhisi tofauti yoyote, lakini nikajiambia labda hisia hurudi hivyo, kimyakimya, mwenye mali akawa wa mwisho kujua. Wifi alikuwa akisimama mlangoni anaguna. Siku moja akaanza, "Lakini hicho si..." na binti akamvuta jikoni. Nikasema moyoni, kijicho tu hicho.

Wiki ya sita nikafungua tena duka langu. Mteja wa kwanza alikuwa hakimu mmoja, nimemshonea miaka mingi, mtu mzito wa mwili na wa maneno. Nikampima, nikakata, nikashona kwa msaada wa macho. Suruali ilipoisha nikaigeuza, nikapitisha kiganja. Safi. Nikapiga pasi, nikamkabidhi huku nikijisifu.

Siku tatu baadaye akarudi. Nikamvutia kiti. Hakukaa.

"Fundi," akasema, akaweka bahasha juu ya meza. "Jana nilikuwa nasoma hukumu."

Ndani ya bahasha mlikuwa na pini nne.

"Nilisoma nimesimama, nikamaliza, nikaketi kwa nguvu, kama ninavyoketi siku zote. Nikatamka neno ambalo karani hakujua aliandike vipi. Mshtakiwa akacheka. Mshtakiwa, fundi! Nimemfunga miaka miwili, na anacheka!"

Nikamwomba radhi mpaka koo likakauka. Alipoondoka nikafunga mlango, nikachukua pini moja, nikajichoma kidole cha kushoto. Damu ikatoka. Sikuhisi kitu. Nikachoma cha pili, cha tatu. Loo! Hapo niliogopa woga ambao hata siku ya kiharusi sikuuona. Niliona duka langu likiuzwa na mimi nimekaa barazani nachambua mboga za watu, na wifi anasema chumvi imezidi.

Njiani woga ukageuka hasira. Jioni ile nikajifunga leso mwenyewe, nikailegeza, nikawa naona vizuri kwa chini. Nikapapasa, nikatoa kizibo cha soda.

"Ufunguo," nikasema.

"Umepata, Mama!" Makofi.

Nikatoa kijiko. Kijiko kikubwa cha chuma, kinang'aa.

"Tembo," nikasema.

Binti akamtazama baba yake.

"Sa... sawa," Bwana Sawa akasema.

Nikavua leso, nikawapa vidonge vyao, mmoja mmoja. Majirani wakazima redio wasikilize.

"Tulitaka kukupa moyo, Mama," binti akalia.

"Moyo ninao! Nilitaka mkono! Wiki nne nzima mmenivisha kilemba cha ukoka, na mimi mjinga nikakivaa mpaka kazini!"

Kesho yake nikaenda kwa Mama Mchele, nikamweleza yote. Kwa mara ya kwanza aliweka karatasi chini.

"Kwa hiyo wiki nne hukukosa hata mara moja?"

"Sikuruhusiwa."

"Basi na ubongo wako haukufundishwa kitu. Tunaanza mwanzo, Mama. Na safari hii tafuta mtu asiyekuonea huruma."

Nikacheka kicheko kibaya. Mtu huyo nilimjua, na chumba anacholala nakijua.

"Nilikuwa nangoja uniombe," wifi akasema.

"Siombi."

"Basi kaa, ufunge macho."

Mwenzangu, sikuwahi kutukanwa hivyo katika maisha yangu. "Umekosa. Tazama. Ni kijiko, hata kuku angejua. Shika tena. Shika kwa mkono mzima kwanza, sasa kwa hilo gogo. Umekosa. Umekosa tena, shoga, leo umeamka vibaya." Mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Nilimchukia kila asubuhi. Lakini haki yake nampa: hata siku aliyoshikwa na homa alikuja amejifunika blanketi, anatetemeka, akaniambia nimekosa. Mwezi wa pili nikasema, "Kina meno." Akanijibu, "Kitana. Nusu." Zaidi ya nusu hakunipa kamwe, na usiku nililala nikiihesabu ile nusu kama mali.

Kisha ikaja asubuhi moja, nimefungwa macho barabara, nikaingiza mkono kwenye mchele. Nikakutana na kitu kimoja tu, tena hakikusogea nilipokisukuma. Nikakizungushia vidole. Kilikuwa laini, mwishoni kigumu. Na kilikuwa na joto. Nikakishika tena, nikahakikisha. Joto kweli.

"Hiki ni kidole chako," nikasema, "na kucha hujakata."

Nikangoja "umekosa." Haikuja.

"Wifi?"

"Umepata," akasema.

"Usinidanganye. Naapa nitakufukuza humu ndani."

"Kwani mimi nimewahi kukusifu?"

Nikafikiri. Miaka ishirini na sita tangu niolewe, hakuwahi hata siku moja. Leso ikalowa machoni pangu, nikaiacha hivyo hivyo. Kidole chake sikukiachia, naye hakukivuta.