Waya wa Pasi

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, Penseli alihesabu karatasi zake kwenye meza ya kuchorea akapata mia moja na ishirini. Ijumaa, alipofunga chumba, alikuwa ameacha tisini na sita. Akahesabu tena, safari hii akilowesha kidole kwa ulimi, na hesabu haikubadilika. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika filamu za katuni, na katika kazi yake michoro kumi na miwili ni sekunde moja. Kwa hiyo kuna mtu alikuwa amemwongezea sekunde mbili bila kuombwa.

Akaushika mrundo kwa mkono mmoja na kuziachia karatasi kwa kidole gumba, moja moja upesi, hadi michoro ikaanza kutembea. Yeye alikuwa amemchora msichana wa miaka kumi na minne akimaliza kunyoosha sare ya shule, akiisimamisha pasi mezani, akitoka. Sasa msichana alifika mlangoni akasita. Akarudi, akachomoa waya wa pasi ukutani, akaukunja vizuri, ndipo akatoka. Mistari ilikuwa ya mkono wa Penseli mwenyewe, pamoja na lile kosa lake la siku zote la kuchora kidole gumba kirefu mno.

Alimpelekea mwalimu wake, mzee aliyefundisha michoro kwa miaka thelathini na hakuwa mtu wa kubabaishwa. Mwaka uliopita mwanafunzi mmoja alichora mvua kubwa, maji yakajaa kwenye korido mpaka vifundoni. Mwalimu alimpa ufagio na ndoo na kumwambia apunguze mawingu.

Mwalimu aliipitia michoro mara tatu, akavua miwani.

"Mhusika amekataa," alisema. "Akikataa hivi, mwanangu, ujue kuna jambo umemsingizia."

Kisha akamkumbusha kuwa filamu ilitakiwa kukabidhiwa baada ya wiki tatu, pamoja na insha ya tafakuri, ambayo swali lake la nne lilikuwa: hadithi hii ni ya nani, nawe umeipataje? Penseli akasema atarekebisha. Hakuuliza amemsingizia nini. Alilijua jambo hilo kwa miaka kumi na minane.

Mama yao, yeye na dada yake mkubwa, alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa ndicho karakana. Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, chumba kile kiliungua pamoja na sare za shule nzima zilizokuwa zikingoja vifungo. Mama aliingia kuokoa cherehani. Aliitoa, lakini mkono wake wa kushoto ukatoka na makovu, na vidole vitatu havikukunjika tena. Wa mwisho kupiga pasi alikuwa Dada, wakati huo wa miaka kumi na minne. Aliulizwa kama alichomoa waya. Akasema anadhani alichomoa. Kesho yake akasema hana hakika. Wiki ilipoisha alikuwa amekiri kwamba alisahau, na hakuna aliyemlazimisha. Aliacha shule akawa mkono wa kushoto wa Mama, akishikilia kitambaa upande ambao Mama hakuweza kushika. Tangu hapo hatoki chumba chochote, chake au cha watu, kabla ya kugusa soketi zote kwa kiganja.

Dada alikuwa amechomoa. Penseli, aliyekuwa na miaka tisa, ndiye aliyerudi peke yake na picha yake ya rangi za maji. Siku zile mvua ilikuwa haikatiki, rangi haikauki, na mashindano ya shule yalikuwa kesho yake. Akachomeka pasi, akaipitisha nyuma ya karatasi, taratibu, kama alivyomwona Dada akifanya kwa vitambaa laini. Picha ikakauka vizuri sana. Akaikimbiza chumbani isije ikapata mikunjo, na pasi akaiacha imelala pale pale. Picha ilipata nafasi ya kwanza, na zawadi ilikuwa kasha la penseli za rangi. Ndipo jina la utani lilipotoka, na ndipo ilipoonekana kwamba huyu mdogo ana kipaji, basi asome yeye.

Alipoomba ruhusa ya kutengeneza filamu kuhusu moto ule, alijiambia anamfanyia dada yake jambo jema. Ingekuwa filamu ya msamaha. Msichana anasahau pasi, nyumba inaungua, mama anamkumbatia. Dada alikubali palepale, hata akajitolea kupiga pasi mbele ya kamera ya simu ili Penseli apate mwendo wa mabega yake. Alirudia mara sita, na mara zote sita alichomoa waya mwishoni kwa mazoea. Penseli akakata kipande hicho.

Sasa alikaa akafuta ile michoro ya ziada. Alifuta siku mbili, hadi vumbi la kifutio likajaa sahani. Jumatano asubuhi karatasi zilikuwa mia moja arobaini na nne. Msichana alichomoa waya, akaukunja, akatoka. Kisha akaingia mtoto mdogo mwenye karatasi mkononi, akatazama kushoto, akatazama kulia, akauinua waya. Penseli hakuwa amewahi kujichora. Alilitambua lile gauni, maana lilikuwa limeshonwa kwa mabaki ya sare.

Fundi wa skana alizikataa karatasi. Alisema zina joto na zitamharibia kioo, azipeleke zikapoe. Penseli alizianika dirishani siku mbili. Hazikupoa, na paka wa mlinzi akazoea kulala juu yake. Mwishowe fundi akaziskani hivyo hivyo, amevaa glavu, na Penseli akampa zile tisini na sita tu.

Jumapili alikwenda nyumbani. Alikuwa amepiga moyo konde. Njiani alikuwa ameyapanga maneno yake, na yalikuwa machache: Dada, hukusahau. Alimkuta kwenye cherehani akipinda pindo la pazia, Mama akiwa kando yake anachagua vifungo kwa mkono wake mzima.

"Dada, kuhusu siku ile," alianza.

"Usinionee haya," Dada alisema bila kuinua mguu kwenye pedali. "Chora kama ilivyokuwa. Mimi nilishakubali zamani, na nikikubali jambo nimelikubali. Ila nakuomba kitu kimoja, mdogo wangu. Mama mchore na vidole vyake vyote."

Mama akacheka, akasema ampunguzie na kitambi. Penseli akacheka pia. Alikaa hadi saa kumi, akala, akaosha vyombo, akambeba mtoto wa jirani. Kila aliposema sasa, akajiambia baada ya chai. Alipoaga, Dada alimpa kitambaa cha kufunikia meza yake ya kuchorea, ameshakidarizi penseli kwenye pembe. Barabarani Penseli alilia, na alijichukia zaidi kwa kulia, kwa sababu hakuwa yeye aliyeonewa.

Usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya kukabidhi alijibu swali la nne. Aliandika: ni ya dada yangu, alinipa mwenyewe. Hapakuwa na neno la uongo katika sentensi hiyo, na ndiyo maana ilimchoma.

Filamu zilionyeshwa Ijumaa saa nane mchana. Dada na Mama walikaa safu ya pili, wamevaa nguo za sherehe walizoshona wenyewe. Penseli alikuwa ameitazama filamu yake asubuhi ile pamoja na fundi, na ilikuwa na michoro tisini na sita pale panapohusika. Kwenye skrini ya ukumbi msichana alisimamisha pasi, akafika mlangoni, akarudi, akachomoa. Mtoto akaingia na karatasi yake. Akachomeka. Akapiga pasi picha kwa makini, ulimi nje, akatoka mbio, na moshi ukaanza kupanda. Palinukia kitambaa kilichoungua, na mtu wa safu ya mbele akaenda kufungua dirisha.

Taa zilipowashwa, Mama alikuwa akifuta macho kwa ule mkono wa makovu. Dada alisimama akamshika Penseli mabega yote mawili.

"Umejitwika kosa langu," alisema. "Mbele ya watu wote hawa. Ulikuwa mtoto wa miaka tisa, hukuwamo kabisa, na umejitwika wewe."

"Sikujitwika, Dada. Ni kweli. Ni mimi."

"Nyamaza." Dada alikuwa akitabasamu, machozi yakimtiririka. "Usiniharibie. Kwa miaka yote hii hakuna aliyewahi kunipunguzia hata kidogo. Leo nimejiona nikiuchomoa ule waya. Hata kama si kweli, nimejiona."

Penseli akanyamaza, kwa kuwa ameambiwa. Angeweza kusema mara ya pili. Alijua kabisa kwamba mara ya pili angeaminiwa, na hilo hasa ndilo lililomfunga mdomo.

Mama alimbusu kwenye paji la uso akamwambia ana moyo wa pekee. Wasahihishaji walimpa alama ya juu kuliko wenzake wote, na ukingoni mwa insha, kando ya swali la nne, mmoja wao aliandika kwa kalamu nyekundu: uaminifu wa kupigiwa mfano. Mwalimu alimpa mkono. Alimtazama kidogo, akafungua mdomo, kisha akauliza kama zile karatasi zimepoa. Penseli akasema bado.

Watu walipokwisha kutoka, Dada alirudi ndani. Aliuzunguka ukumbi mzima polepole, akiinama nyuma ya viti, akigusa soketi kwa kiganja, moja baada ya nyingine. Zilikuwa kumi na moja. Penseli alimngojea mlangoni, amemshikia mkoba.