Kilio cha Kuazima

Mwashi hakuwa msomaji, kwa hiyo shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, ndiye aliyemsomea gazetini maoni ya wakosoaji wa ile filamu.

"Huyu anasema jambazi anatisha kweli, waigizaji wameiva. Huyu wa pili anasema nyota wote hao, lakini hadithi imepoa kama chai ya jana."

"Na kilio?"

"Mmoja kasema kilio cha mama wa jambazi ndicho kitu pekee cha kweli mle ndani. Mwingine kasema kimezidi, utadhani kinatoka kaburini."

"Hajakosea," Mwashi akasema, akageukia ukuta.

Kilio kilikuwa cha mkewe. Yule nyota mwenye tuzo aliyeigiza mama wa jambazi alitoa machozi ila sauti hana, basi wakubwa wa filamu wakatafuta mwanamke wa kulia badala yake. Wakamfungia mke wa watu kwenye chumba cha baridi, mbele ya kipaza sauti, "rudia mama, rudia," hadi koo likakauka. Alirudi nyumbani akikohoa, na kikohozi hicho ndicho kilichomzika. Jina lake hawakuliandika popote. Wakubwa bwana! Wanakula embe, wewe wanakuachia kokwa.

Lakini Mwashi hakuwa na sauti nyingine ya mkewe duniani. Kila Jumamosi mchana alikwenda sinema, akakaa safu ya nyuma, akafumba macho kukisubiri kilio.

"Mzee wa kilio!" mkata tiketi akamtania Jumamosi hiyo. "Leo utatoka macho makavu. Wakubwa wameogopa lawama, wamekiondoa. Wameweka kinanda."

"Wamekipeleka wapi?"

"Mjomba nawe! Kitu kikishafutwa kinapelekwa wapi?"

Aliingia hivyo hivyo, mguu mzito. Nyota akaiangukia maiti ya mwanawe, akapanua kinywa, kikatoka kinanda. Mwashi akahisi koo likimpanda moto. Kisha kilio kikaja, chembamba, kirefu, kikikatika palepale mkewe alipozoea kuvuta pumzi.

Nimeaibika, akawaza, mtu mzima nalia mbele za watu.

Hakuna aliyegeuka. Mama mmoja safu ya mbele alijifuta macho. Pale kwenye skrini nyota alikwisha kufumba kinywa, polisi wanamwondoa, na kilio hakikomi. Mwashi akapeleka viganja vyote viwili mdomoni ajizibe.

Mdomo wake ulikuwa tayari umefumbwa.