Pikipiki Isiyo na Mlio

Pikipiki yangu ilipokuwa ya petroli, wafugaji wa chini ya mlima Hanang walinisikia kabla sijavuka korongo. Ekzosi yake ilikuwa imetoboka, na kila asubuhi nilipotoka Katesh kwenda vijijini, mbwa walibweka njia nzima. Mimi ni afisa mifugo. Jina langu ni Hhando, lakini kule wananiita Bwana Mifugo. Nilichoshwa na kelele zile, na moshi, na kuisukuma kila petroli ilipoishia porini.

Basi nikampelekea Abdillah, fundi wa Katesh. Aling'oa injini nzima, akafunga mota kwenye gurudumu la nyuma na betri mahali injini ilipokuwa. Kazi ilimchukua wiki tatu, na kila jioni nilikuwa pale gereji nikimpa ushauri ambao hakuuomba. Siku ya kuijaribu nilisikia matairi yakisaga changarawe na ndege wakilia vichakani. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nakiri, nilijiona mjanja kuliko wilaya nzima.

Kesho yake nikaenda kwa mzee Gidahosh. Miaka saba nilikuwa nikifika pale na kumkuta ameshakaa kwenye kigoda chake langoni, fimbo mkononi, akiniita "Bwana Mifugo, karibu!" kabla sijashuka. Nilizoea kujisifu kwa wenzangu ofisini juu ya makaribisho yale.

Siku hiyo nilifika langoni bila mtu kujua. Mzee alikuwa amepiga magoti zizini, anampapasa ndama usoni, masikioni, mgongoni, huku mkewe akimnong'oneza huyo ni mtoto wa ng'ombe yupi. Akamnyooshea mkono ndama wa pili, akashika hewa. Hapo nikaelewa kwamba mzee haoni, na kwamba hajaona kwa muda mrefu.

Nikakohoa. Akageuka haraka.

"Nani?"

"Shikamoo, mzee. Ni Hhando, Bwana Mifugo."

"Marahaba. Pikipiki yako iko wapi?"

"Ninayo hapa. Nimeiwekea umeme. Haina mlio tena."

"Basi umeniona."

"Nimekuona, mzee."

"Wanangu hawajui. Wao wanashinda malishoni, na mama yao ananisaidia kuwajibu. Siku wakijua, watasema nimekwisha. Mambo ya ng'ombe wangu yataamuliwa na wengine nami niko hai. Siku nyingine nijulishe unapokuja."

Nikamwahidi kwamba nitamjulisha.

Njia nzima niliona aibu. Miaka saba ekzosi mbovu ilikuwa ikinipigia hodi, nami nikadhani ni adabu yangu! Baba yangu kule kijijini kwetu Daudi angenizaba kibao. Kwetu, kama kwa hawa wafugaji, mgeni anasimama mbali na uzio, anaita, anangoja aitikiwe, ili wenyewe wapate kujiweka sawa. Nililijua hilo tangu utotoni. Lakini badala ya kuufikiria mdomo wangu, nikafikiria kifaa. Ndivyo nilivyo, na najichukia kwa hilo.

Honi sikuitaka, kwa sababu inatisha ng'ombe. Nikaenda mnadani nikanunua kengele ya ng'ombe, ile ya bati zito, nikaifunga kwenye usukani. Abdillah akaitazama kwa muda.

"Si ushuke tu uite, Bwana Mifugo?"

Nikamwambia ashughulike na spana zake.

Wiki iliyofuata ilikuwa siku ya chanjo. Ng'ombe wote walizuiwa zizini, na wana watatu wa mzee walikuwepo, mkubwa wao Gervasi akiwafunga ng'ombe kamba. Nikashuka mteremko, kengele ikilia vizuri. Nikamwona mzee anainuka kutoka kigodani. Nikajua amenisikia, roho ikatulia.

"Kuna ng'ombe mmoja yuko nje!" akapiga yowe. "Nani amefungua?"

Akatoka nje ya lango, mikono mbele, fimbo ameiacha chini. Wanawe wakasimama kumtazama. Nikafunga breki. Ningeweza kusema wakati ule, neno moja tu lingetosha, lakini mdomo haukufunguka. Mzee akafuata kengele mpaka akaufikia usukani. Akaushika kama anavyoshika pembe, akaipapasa taa, akaipigapiga betri.

"Twende, mama," akasema kwa upole. "Twende ndani."

Hakuna aliyecheka. Kisha mkono wake ukagusa goti langu, ukabaki pale pale.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Hakuitikia.

Gervasi akaja, akamshika baba yake mkono, akamrudisha kigodani polepole, kwa heshima yote. Nilitafuta sababu ya kumkasirikia, sikuipata. Mama yao akaingia nyumbani akafunga mlango. Ndipo Gervasi akarudi, akasimama mlangoni mwa zizi, mahali anaposimama mwenye ng'ombe, akanionyesha kwa kidole ng'ombe wa kuanza naye.

Nikamtazama mzee, nikingoja aseme. Ni mimi peke yangu niliyemtazama.