Haja ya Khattab

Oman haina vyama vya siasa, lakini nenda mji wowote wa mkoa wa Sharqiya, utakuta watu wamegawana pande mbili tangu enzi za babu zao. Mji wa Ibra una upande wa juu na upande wa chini. Kiti cha Majlis Shura, baraza la nchi, kilikuwa cha watu wa juu tangu kilipoanza, na Bwana Humaid wa upande wa chini alikuwa mtu wa kukitaka na kukikosa. Kwanza wazee walisema ni mgeni, amekuja juzi kutoka Unguja. Baadaye wakasema ni mkali. Ukali alikuwa nao kweli: hakutaka ngoma harusini, hakutaka wanawake wapige kura, hakutaka ada hata moja ya wazee iguswe.

"Ada ni kama falaji," akisema, yaani mfereji unaonywesha mashamba. "Ukiitoboa pahala pamoja, shamba zima linakauka."

Watu wakimcheka, lakini shida ikiwafika walibisha mlango wake, na yeye hakuchoka kuwasemea.

Mwaka 2003 serikali ikatangaza kila mtu mzima apige kura, mke kwa mume. Bwana Humaid alikasirika, akanuna, halafu akakumbuka kuwa upande wa chini una wanawake wengi. Akamwambia binti yake Manar, "Haya, kajiandikishe."

Manar ndiye aliyeshika nyumba tangu mama yake alipofariki. Siku moja alijiwa na Bi Shukriya, mke wa Khattab. Khattab huyo alikuwa mkono wa kulia wa Bwana Humaid, kila kura yuko naye, kila kushindwa yuko naye. Bi Shukriya alivua bangili yake, akamvisha Manar, akaitazama.

"Inakukaa kama umepimiwa. Mwambie baba yako Ijumaa Khattab anakuja na haja. Asije akatukatalia mbele za watu."

"Haja gani, khalti?"

"Mtoto huyu! Muatasim wangu mtu mzima, hana mke, nawe waniuliza haja gani?"

Manar alimpa baba yake habari huku anatazama mkeka. Bwana Humaid alicheka mpaka akakohoa. "Mtoto wa Khattab? Hata angekuja na kiatu kimoja ningempa."

Ijumaa baada ya alasiri majlisi, chumba cha wageni cha Bwana Humaid, ilijaa wanaume. Manar alisimama nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Kahawa ikapita, na Khattab akaiweka finjani yake chini bila ya kuionja. Ndiyo ada ya huku: mwenye haja kubwa hanywi mpaka mwenye nyumba amwambie anywe, na akishaambiwa, ameshapewa. Neno hilo halirudi. Mwenye busara huuliza kwanza haja yenyewe ni ipi. Bwana Humaid hakuuliza. Hakutaka rafiki yake aombe kama maskini mbele za watu.

"Kunywa, ndugu yangu. Haja yako umeshaipata."

"Hujaisikia bado, Abu Manar."

"Sina la kukunyima. Kunywa!"

Khattab akanywa yote, akaitikisa finjani kuonyesha kuwa imetosha.

"Mungu akuweke. Nataka uniachie nafasi. Safari hii nisimame mimi."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni mzaha. Khattab hakucheka. "Watu wamechoka kushindwa pamoja nawe, Abu Manar," akasema, kwa upole kabisa.

Manar aliona shingo ya baba yake ikisimama mishipa. Angesema amedanganywa, nusu ya majlisi ingemuunga mkono.

"Nimeshasema," akajibu Bwana Humaid.

Walipoondoka wageni, Manar aliingia. "Baba, wamenifanya mimi chambo."

"Najua."

"Basi mkatalie!"

"Miaka yote nawaambia watu, mtu ni neno lake. Nikilimeza langu leo, nilikuwa nawaambia nini?"

Akajitoa. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kumwombea Khattab kura. Wengine walimfungia mlango kwa hasira, na wao walikuwa watu wake. Posa haikuja. Bi Shukriya akikutana na Manar msibani, alijifanya hamjui.

Siku ya kura baba alimpeleka Manar kwa gari mpaka skuli iliyofanywa kituo.

"Mpe Khattab," akasema.

"Mimi sikumwambia anywe."

"Nilipompa neno, nilimpa mimi na nyumba yangu. Usinitie aibu, mwanangu."

Manar aliingia upande wa wanawake. Jina la Khattab alilitazama mpaka nyuma yake mtu akaguna. Akalitilia alama, akaikunja karatasi, akatoka na shela usoni.

Baba yake alikuwa ameshapiga kura upande wa wanaume, yumo garini.

"Umempa?"

"Nimempa."

Bwana Humaid hakutia gari moto. "Mimi sikuweza," akasema. "Mkono ulikataa. Nimempa yule wa upande wa juu."

Manar alimgeukia. Khattab alimchukia tangu siku ile ya kahawa, na kumchukia hakukumpa taabu; huyu alikuwa baba yake.

"Na mimi uliniambia nikutekelezee."

"Nilitaka neno langu lisimame, Manar."

"Limesimama, baba. Limesimama juu yangu."

Baba yake alifungua kinywa kumjibu, lakini wazee waliokuwa wakitoka langoni walikuwa wameshamwona. "Abu Manar!" wakaita. "Wallahi wewe ndiye mtu wa neno!"

Bwana Humaid akawainulia mkono.